Gauni Pana la Rashad

Kwamboka, jirani wa Mokeira pale Keumbu, anaapa aliona kwa macho yake: Rashad fundi wa nguo, mpenzi wa Mokeira, anamshonea mwanamke mwingine gauni la mimba.

"Mama Lorna, hiyo gauni wanaingia watu wawili! Halafu fupi. Huyo mwanamke ni mfupi na mimba imeiva. Nikamuuliza ni ya nani, akacheka tu, ati ni ya mpenzi wake."

Mokeira aliambiwa hayo kwa simu, akiwa wodini mjini Kisii kando ya kitanda cha binti yake. Lorna, wa miaka miwili, alianza kutembea akichechemea. Nyonga ya kushoto ilikuwa imetoka mahali pake. Daktari alimpasua, akaurudisha mfupa, kisha akamfunga plasta kuanzia kifuani hadi vifundoni, miguu imetanuliwa kama ya chura.

Simu ikalia tena. Rashad.

"Bebi, mgonjwa wangu ameamkaje?"

"Muulize huyo wako mwenye tumbo."

"Tumbo gani?"

"Kwani yako mangapi?" Akakata.

Hakuweza kukaa. Dirishani, kitandani, dirishani tena. Walikutana sokoni siku ya mvua, Rashad akawavuta yeye na mtoto chini ya turubai lake. Sasa turubai lilikuwa la mwingine?

Alasiri Rashad akasimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, mfuko mkononi.

"Mwenye mimba ndiye huyu," akasema, akitandaza juu ya Lorna gauni la kitenge cha manjano, pana kuliko plasta, vifungo ubavuni ili mtoto avishwe bila kuinuliwa.

Mokeira akacheka huku machozi yakimtoka. "Si ungeniambia!"

"Si ungeniuliza mimi, badala ya Kwamboka."

"Kwamboka haulizwi, husema mwenyewe."

Wakaanza kumvisha, yeye upande huu, Rashad ule.

"Daktari anasema huenda akapasuliwa tena," Mokeira akasema. "Na bado anaweza kuchechemea."

"Achechemee. Mimi siendi popote."

"Mama hataki kusikia kwamba nitaolewa na Mwislamu. Twende kwake Gesima, Rashad. Umwambie hivyo mbele yake na wazee wa kanisa. Na mama yako tuende naye."

Rashad akafunga kifungo cha mwisho. Akakifungua. Akakifunga tena, bila kumtazama Mokeira.