Stoo ya Wanzuki

Siku mama yangu alipofariki, mimi nilikuwa Igunga, uani kwangu, napepeta mchele na kugombana na kuku. Jua lilikuwa la kawaida, na redio ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara ilikuwa inapiga kelele zake zile zile. Simu ikaita. Alikuwa wifi yangu Pelagia, mke wa kaka yangu Emilian, na hakunisalimia. Akaniambia mama amepumzika, nianze safari ya Kwihara. Nilipomuuliza kwani alikuwa anaumwa nini, akakata.

Mimi Levina mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Haya nayasimulia kwa hasira, lakini chini ya hasira kuna aibu, na aibu ndiyo kubwa. Nikiwa sokoni Tabora mtu akiniita kwa jina la ukoo, najifanya nachagua nyanya.

Mama yangu, Bi Advera, alikuwa mpika wanzuki. Kwihara nzima iliijua pombe yake ya asali, na hata madereva walioleta wageni kutazama lile tembe alilokaa Livingstone zamani hawakuondoka bila kupitia kwetu. Ada zetu za shule zilitoka kwenye yale mapipa ya bluu. Bati za nyumba pia.

Wanzuki ikianza kuchachuka inatoa hewa, na hewa ile mama aliiogopa kuliko alivyomwogopa baba. Pipa hakulifunika kwa kifuniko, alilifunga kitambaa. Dumu hakulijaza mpaka shingoni, na kifuniko chake alikikaza kisha akakilegeza kidogo, lipate pa kupumulia. Akitaka kumimina, alifungua polepole, uso kando. Dirisha la stoo lilikuwa tundu tu ukutani, na ole wako uliegemeze hata ungo pale. Tena kila alipoingia mle, hata jua likiwa utosini, alishika koroboi chini chini, usawa wa goti. Moto ukififia, anatoka mbio na kuacha mlango wazi. Alitufundisha kwamba hewa ya pombe ni nzito, inatambaa chini, inamkaba mtu, na wala huinusi. Harufu unayoisikia ni ya asali, hiyo haina neno.

Miaka hii ya mwisho akili ilikuwa inamtoka. Alimwita Emilian kwa jina la baba. Alitoka barabarani na kanga moja, akawasimamisha watu awaonjeshe pombe ambayo hakuibeba. Pelagia ndiye aliyekuwa anapika sasa, na ndiye aliyekuwa anamwogesha, na kwa hilo nilimshukuru kila nilipopiga simu.

Nilifika msiba umeshajaa. Emilian alikuwa amekaa kwenye mkeka, hanitazami. Pelagia ndiye aliyenieleza, huku anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Ilikuwa siku ya kupokea posa ya binti yao Julieth. Wakwe walitoka Nzega, watu wazito, walokole, wakiongozwa na mzee Silasi, baba wa kijana. Mama aliingia stoo mwenyewe, akajilaza humo. Wageni walipoondoka wakamkuta amelala chini kati ya mapipa. Hana jeraha. Hana povu. Mzima kabisa, ila amekufa.

Nikamuuliza, mama aliyetukataza sisi kukaa mle hata kwa dakika, yeye alikwenda kulala sakafuni? Pelagia akajibu kwamba mtu aliyepotewa na akili hufanya lolote. Kisha akasogea, akaninong'oneza nitazame nani alimletea uji asubuhi ile.

Uji aliuleta Bibi Minza. Huyu ni mjane wa nyumba ya pili, rafiki wa mama tangu wote wakiwa mabibi harusi. Anaishi peke yake. Macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa maisha yote, na huku kwetu bibi mwenye macho ya hivyo hahitaji ushahidi mwingine. Nilikuta maneno yameshapikwa yakaiva: amemla mwenzake. Wazee wa kitongoji wangekaa uani kwetu mara tu baada ya mazishi, na kila mtu alijua kikao kingeishaje. Bibi akishaitwa mchawi haishii kwenye maneno. Akifukuzwa kabla ya mvua, bila shamba na bila ndugu, hiyo ndiyo bahati yake. Wengine hawaipati hiyo bahati.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilipopita mbele ya Minza nilimpa shikamoo bila kumpa mkono. Akaitikia marahaba, akautazama mkono wangu.

Tulimzika mama mchana. Tuliporudi, nikakuta majirani wamepanga madumu ya njano kivulini, chini ya upenu wa stoo, kwa ajili ya vijana waliochimba kaburi. Ilikuwa wanzuki ya mapipa yale yale. Sikupenda, lakini msiba una mambo mengi. Vijana walikuwa wanasubiri. Nikainama kufungua.

Nililegeza kifuniko cha dumu la kwanza, uso kando, nilivyofundishwa. Nikasubiri ile fyuu ya hewa kutoka.

Haikuja. Kifuniko kilining'ang'ania kiganjani. Kitu ndani kilikuwa kinakivuta.

Nikatazama dumu. Ubavu wake ulikuwa unabonyea. Taratibu. Ukaingia ndani, ukatulia, kisha ukajaa tena. Ukaingia tena. La pili yake vilevile. Na la pembeni.

Pombe inatoa hewa. Haivuti. Nimekulia kwenye hayo mapipa na sijawahi kuona dumu linavuta.

Nikainamisha sikio. Bora nisingefanya hivyo. Katikati ya kuvuta kulikuwa na mkwaruzo mdogo, pumzi inakwama, halafu inaendelea. Mama alikuwa na kifua. Tangu mimi mdogo, nikilala mgongoni kwake, pumzi yake ilikwama pale pale.

Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nikawaambia vijana pombe haijaiva. Pelagia alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mbali, na uso wake umekuwa wa majivu. Nikamfuata, nikamuuliza kwa sauti ya chini mle stoo kulitokea nini.

"Usiyafungue, wifi," akaninong'oneza. "Tangu jana yanafanya hivyo."

Kikao kikaanza. Wazee walikaa kwenye viti, wanawake tukakaa chini, na Bibi Minza akawekwa kwenye kigoda katikati, mbele ya watu wote. Mzee Silasi alikuwepo pia, maana alirudi kutoka Nzega kuja kuzika na sisi, na wakampa kiti cha heshima karibu na upenu. Mzee wa kitongoji akamuuliza Minza aliweka nini kwenye uji. Minza akataja unga wa ulezi, maziwa na sukari. Watu wakaguna. Akaulizwa tena, kwa ukali zaidi. Akajibu vilevile. Mmoja akasema apewe muda wa kufungasha. Mwingine, kijana wa nyuma ambaye sitamtaja, akasema muda wa nini.

Ndipo madumu yakagonga.

Ko.

Plastiki ikiingia na kutoka inatoa mlio, hilo najua. Lakini huu haukuwa mlio wa ovyo. Ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Kimya. Mlio wa mtu anayegonga mlango kwa adabu, anayejua kuna watu ndani.

Uani hakuna aliyekohoa. Nilimtazama Pelagia. Alikuwa ameziba masikio.

Mzee Silasi peke yake hakuogopa. Aligeuka kuangalia mlango wa stoo, kisha akamgeukia Pelagia kwa upole, kama mgeni anayetafuta neno la kuondoa ukimya.

"Mama Julieth," akasema, "kumbe yule mbuzi bado mnamfungia stoo?"

Nikauliza mbuzi gani. Mzee akaeleza bila wasiwasi wowote: siku ile ya posa, wakati wa maombi, walisikia kitu kinagonga mle ndani, kikagonga sana. Akauliza ni nini, na mama mwenye nyumba akamjibu ni mbuzi, wamemfungia asije akawasumbua wageni.

Watu wote wakamtazama Pelagia. Pelagia akamtazama Emilian. Madumu yakagonga tena, na safari hii yalikuwa yanagonga haraka.

Kaka yangu akasimama. Pelagia alimshika shati, Emilian akalichomoa mkononi mwake.

"Hatuna mbuzi, mzee," akasema. "Hatujawahi kufuga mbuzi."

Kisha akasema yote, macho yake kwenye vumbi. Waliona aibu. Wakwe walokole wanakuja, nyumba inanuka pombe, na mama anazunguka na kikombe, kanga inamdondoka, anamwita mwanawe "mume wangu". Wakaona pa kuficha pombe ni stoo, na pa kumficha mama ni hapo hapo. Wakamtandikia gunia sakafuni. Wakaziba tundu la dirisha kwa godoro ili harufu isiwafikie wageni. Wakatia komeo kwa nje. Mapipa yote mle ndani yalikuwa mapya, yanachemka. Hawakuwaza hewa. Aliyekuwa anawaza hewa nyumba ile ni mmoja tu, na ndiye waliyemfungia. Hata koroboi hawakumpa, wakiogopa asije akaunguza nyumba.

"Aligonga," Emilian akasema. "Tulikuwa tunaimba pambio. Tukaongeza sauti."

Alipoacha kugonga walishukuru. Wakaendelea na soda na pilau, mahari ikapangwa, picha zikapigwa. Kufungua walifungua magari yalipoondoka. Na watu walipoanza kumnyooshea Bibi Minza kidole, wakaona Mungu amewafungulia njia.

Sikupiga kelele, mimi niliyezoea kupiga kelele hata sahani ikivunjika. Niliwaonea aibu, nikajionea aibu na mimi kwa mkono niliomnyima Minza. Nilitamani wakwe wawe wamekufa wote, wasisikie.

Mzee Silasi aliweka Biblia yake magotini. Alipofungua mdomo hakukemea. Afadhali angekemea.

"Mama yangu alipika pombe ya mtama Nzega mpaka uzee ukamkuta," akasema. "Mwishoni hakunijua hata mimi. Mngenionyesha tu mama yenu. Ningempa shikamoo yake."

Pelagia akaanguka kifudifudi pale alipokuwa, akalia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Bibi Minza ndiye aliyeinuka. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alitembea polepole hadi chini ya upenu, kwenye madumu yanayogonga, akapiga magoti kwa shida. Akashika kifuniko cha la kwanza, uso kando, akakilegeza kidogo.

"Pumzika, shoga," akanong'ona. "Wameshasema."

Dumu likatoa hewa. Fyuu, ndefu, ya kawaida kabisa, na harufu ya asali ikatujia wote. Akalegeza la pili, likatoa. Alipomaliza yote, kukawa kimya. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kwake. Hakuna mzee aliyemuaga, maana hakuna aliyejua aanzie wapi.

Hapo ningependa kusema yamekwisha.

Mzee Silasi hakuivunja posa. Polisi walikuja, maelezo yaliandikwa, kesi ipo na inaendelea, sina la kusema juu yake. Emilian alibomoa ukuta wa stoo upande mzima, sasa upepo unaingia na kutoka unavyotaka. Akaosha mapipa, akanunua asali mpya, akaanza upya, kwani nyumba haina kazi nyingine. Chachu waliipata kwa Bibi Minza. Aliwapa. Sijui alitoa wapi moyo huo, mimi nisingewapa hata maji ya kunawa.

Wanzuki haikuchachuka. Walisubiri mpaka wakachoka, ikabaki maji matamu ya asali, haina povu, haina hata kipovu. Wakabadilisha chachu. Vilevile. Wakabadilisha maji, wakabadilisha pipa. Nikabeba mimi mwenyewe kiasi kutoka pipa hilo hilo, nikakipeleka kwa Minza, na kabla sijamaliza kunywa chai kilikuwa kinachemka kwenye dumu lake. Nikakirudisha kwa kaka. Kikatulia nikiwa mlangoni, bado kiko mkononi mwangu. Na si pombe tu. Maziwa hayagandi nyumba ile. Unga wa maandazi hauumuki, wala togwa haishiki ukali.

Kwenye harusi ya Julieth waligawa hayo maji ya asali. Walokole waliyanywa mezani kweupe, bilauri juu ya bilauri, wakasifia, wakauliza yanatengenezwaje. Hakukuwa na kitu cha kuficha tena. Pelagia ndiye aliyekuwa anamimina, kitambaa kichwani, hamtazami mtu. Kila alipofungua dumu jipya aligeuza uso kando, akasimama kidogo, anasikiliza. Halikutoa hata pumzi moja. Akamimina, akafuata jingine, akasikiliza tena.