Baiskeli Iliyonyimwa Keria

"Sabini elfu, na sishuki hata sumuni," alisema Fundi Wazi, akaigonga meza kwa spana kuonyesha kwamba neno limekwisha.

Shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, hakuwa mtu wa kukatiwa neno. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Mikono yake ilizoea kuukanda unga mpaka ukubali, na jioni ile alikuwa amekuja kumkanda shemeji. Alisema hamsini. Akasema tena hamsini. Akauliza kama dada yake aliolewa na mtu au na mizani.

"Bei ya ndugu iko wapi, shemeji?"

"Ndugu anapata bei ileile na ukweli uleule. Nikikupunguzia wewe, nimemwibia aliyelipa jana."

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati. Mwokaji hakuwa na muda. Zamu yake ilianza kabla ya jogoo, saa ambayo hakuna gari barabarani, na kwa miguu alikuwa anachelewa kila mara. Msimamizi alikwishamwambia: ukichelewa tena, aproni yako nampa mwingine. Alikuwa na watoto na hakuwa na mume. Alihitaji baiskeli ya kwenda kazini, na aliihitaji leo.

Fundi, kwa haki yake, alikuwa amemshauri vizuri kabla hawajaanza kuzozana. Ile ya tairi nyembamba alimkataza: hiyo ni ya kushindana na upepo, ikikutana na shimo moja rimu inapinda. Ile ya gia akamkataza pia: gia zake zitataka spana kila Jumamosi, mshahara wako utaishia kwangu, nitanenepa lakini haitakuwa haki. Iliyomfaa ni ile nyeusi, nzito, yenye madigadi na kifuniko cha cheni. Haina haraka, lakini haikuachi njiani. Tatizo, ekseli yake ilikuwa bado haijapatikana.

"Na ile ya kijani?" aliuliza mwokaji.

Ilining'inia ukutani mwa nyuma, peke yake. Fremu nzuri, nyepesi, breki za kimya. Haikuwa na keria, kile chuma cha kupakilia nyuma.

Fundi Wazi aligeuka kuitazama.

Jina lile la Wazi alipewa kwa sababu ya desturi yake. Hakuna baiskeli iliyotoka kibandani mwake bila kusomewa maradhi. Alisimama mbele ya mnunuzi akayataja kwa sauti, moja moja: hapa palichomelewa, breki hii inalia mvua ikinyesha, tairi hili lina kiraka. Ufundi alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, na hakuwa na cheti cha kumtetea. Alichokuwa nacho ni ulimi. Watu walimcheka kwa hasira zake, lakini walinunua kwake wamefumba macho.

Ile ya kijani aliuziwa na mlinzi wa maghala, mtu mkavu asiyetazama watu usoni. Aliitoa kwa bei ya kutupa, akaacha neno moja. Ipande utakavyo, alisema, ila usiifunge keria. Fundi alipouliza kwa nini, yule mzee alilitazama gurudumu la nyuma, si yeye.

"Asiye na pa kukaa hupita zake," alisema, akaondoka.

Fundi alicheka. Lakini aliitundika nyuma, na wateja walipoiulizia aliwaonyesha nyingine. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Haina keria, na bei yake ni ileile," alimwambia shemeji yake sasa.

"Basi naibebaje mikate ya watoto nikirudi? Kwa meno? Unataka sabini kwa baiskeli nusu, halafu unajiita Wazi. Kilicho wazi hapa ni mfuko wako tu." Na kwa kuwa alikuwa amechoka, na giza lilikuwa linaingia, na aproni yake ilikuwa karibu kupata mtu mwingine, akaongeza neno ambalo halikupaswa kutoka. "Mwizi."

Damu ilimpanda fundi mpaka masikioni. Aliishusha baiskeli, akachomoa keria kwenye rundo la vyuma vikuukuu, akaifunga nati moja baada ya nyingine, kwa nguvu ya mtu anayemkaba mwenzake.

Alipoikaza nati ya mwisho... tairi la nyuma lilibonyea.

Kidogo tu. Kama linavyobonyea mtu anapokaa taratibu, asitake kusumbua.

Aliliona. Mkono wake ulikwenda kwenye pampu, ukarudi.

"Sitini," alisema. "Na keria ya bure. Chukua uende."

Mwokaji alilipa. Alishika usukani, akasita. Hata yeye aliijua desturi ya kibanda kile.

"Hunisomei maradhi yake, shemeji?"

"Mwizi hasomi."

Akaenda nayo gizani.

Usiku ule fundi aliisukuma sahani kando. Mkewe alimuuliza kama amempa mdogo wake baiskeli nzuri. Alijibu kwamba amempa aliyoitaka. Mke alimtazama kidogo, maana miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akijibu kwa kukwepa, kisha akatoa vyombo.

Ilikuwa baiskeli tu. Vyuma na mpira. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akageukia ukutani.

Siku za mwanzo habari zilikuwa njema. Mwokaji hakuchelewa tena, na msimamizi alikosa la kusema. Kisha jioni moja alikuja akiikokota baiskeli. Spoku za nyuma zilikuwa zimekatika.

Fundi aliigeuza juu chini. Spoku za nyuma hukatika hivyo kwa sababu moja: uzito. Uzito wa mtu mzima, kila siku, kwenye mashimo.

"Unabeba nini?" aliuliza.

"Mikate ya watoto. Imezidi nini?" Akainama karibu, akashusha sauti. "Shemeji, mchana ni nyepesi kama karatasi. Lakini alfajiri, kabla hakujapambazuka, ninapanda ule mlima nahema kama nimempakia mtu. Na kuna harufu... kama nguo mbichi iliyofungiwa bila kuona jua. Nikigeuka, hakuna kitu."

Fundi alikuwa haangalii uso wake. Alikuwa anaangalia baiskeli. Unga wa kiwanda ulikuwa umetapakaa kote, kwenye fremu, madigadi, mpaka kwenye pedali, ule unga laini unaotoka kwenye nguo za waokaji. Ila juu ya keria palikuwa na sehemu safi. Hakukuwa na chembe ya unga.

Sehemu yenyewe ilikuwa na umbo la mtu aliyekaa upande.

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Lakini kusema sasa kulikuwa kukiri kwamba alijua tangu mwanzo, na huyu aliyemwita mwizi angekuwa amesema kweli. Fundi Wazi, aliyejivunia ulimi wake kuliko mikono yake, alifungua mdomo akasema, "Ni upepo wa tairi. Linataka kujazwa vizuri."

Akalijaza. Akapachika spoku mpya, wala hakutaka malipo. Shemeji yake alimshukuru. Alimshukuru kwa dhati, akamwombea baraka, na shukrani ile ilimchoma kuliko lile tusi.

Haukupita muda mrefu. Mkewe alirudi kutoka kwa mdogo wake, akakaa mlangoni bila kuvua kitenge.

"Mdogo wangu hali. Usiku halali. Nilikuwa namkanda mgongo," alisema polepole, "nikaona kiuno chake. Kina alama, baba watoto. Nyeusi. Za vidole. Mtu anamshika kutoka nyuma, na anamshika kama anaogopa kuanguka."

Fundi alikuwa amekwishasimama.

Mlinzi wa maghala alikuwa ndiyo kwanza ameingia zamu. Alimwona fundi akija na taa ya mkononi, akajua. Hakuuliza habari za nyumbani.

"Umeifunga," alisema.

"Ni nani?"

Mzee alikaa kwenye kigoda chake cha lindo. Alisimulia kwa sauti ya chini, akitazama lango. Alikuwa ni mkewe. Kila jioni alimpakia nyuma kumpeleka kazini, kiwanda cha nguo, kisha yeye akaja lindoni. Siku moja walizozana njiani, jambo dogo ambalo hata halikumbuki. Hasira zikampanda. Akamwambia, shuka. Akashuka.

"Ilikuwa nusu ya njia," alisema mlinzi. "Mvua ilikuwa imeanza. Hakufika kazini. Wala hakurudi nyumbani. Mpaka leo."

"Na keria?"

"Mama yake alikuja. Hakulia, hakunitukana. Aliishika keria kwa mikono miwili, akainong'oneza muda mrefu... kisha akaenda zake. Tangu siku ile nikawa sitoki peke yangu. Nilipoitoa ile keria, uzito uliondoka."

Fundi aliuliza kwa nini hakuichoma moto baiskeli nzima.

"Nikiichoma atakaa wapi? Mgongoni kwangu?" Mzee alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi nilimnyima kiti. Nina dhambi yangu. Lakini wewe umempa. Aliyemkaribisha mgeni ndiye mwenyeji wake."

Fundi alirudi kibandani mbio. Akaing'oa ekseli ya baiskeli yake mwenyewe, akaipachika kwenye ile nyeusi, akaikokota mpaka kwa shemeji yake. Alimkuta ameegemea mlango, amekonda, mfuko wa kazi begani tayari ingawa zamu ilikuwa mbali. Baiskeli ya kijani ilikuwa imesimama ukutani. Tairi lake la nyuma lilikuwa limebonyea.

Aliisomea maradhi yake. Kwa sauti, mbele ya mnunuzi, kama ilivyopaswa. Mlinzi. Neno la mlinzi. Keria. Unga. Hakujipunguzia hata sumuni.

Mwokaji alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua jioni ile?"

"Nilijua kuna neno."

"Na nilipoleta spoku?"

"Nilijua zaidi."

Mwokaji alitua mfuko wake chini. Kisha akaichukua ile nyeusi, akaibonyeza breki moja, halafu nyingine, akaikagua kila mahali kama mtu anayenunua kwa mgeni. "Nitakwenda nayo kazini," alisema. "Wewe usije kwangu kwa muda."

Ilimstahili fundi. Alipiga magoti, akashika nati za keria. Alitarajia zigome. Zilifunguka kwa vidole... zote, laini, kama zilikuwa zinamsubiri. Aliitupa keria kwenye mtaro, akaisikia ikizama. Tairi la nyuma likainuka, likajaa.

Alikuwa amekusudia kuikokota baiskeli mpaka nyumbani. Lakini mlinzi mwenyewe aliipanda bila keria, na hakudhurika. Na fundi alikuwa amechoka, na kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ugomvi. Akapanda.

Ilikwenda kama karatasi. Taa za nyumba zilimpita. Akaanza hata kupiga mluzi.

Mlimani, mluzi ulikatika.

Pedali zilikuwa nzito.

Alitazama nyuma, chini. Hapakuwa na keria. Gurudumu tu, na tairi lake... limebonyea mpaka kwenye rimu.

Harufu ikaja. Nguo mbichi. Mvua ya zamani.

Kisha vidole. Baridi, taratibu, vikimzunguka kiuno kutoka nyuma, vikitafuta pa kushika, vikapapata.

Alijaribu kushuka. Miguu haikumsikia, ilizidi kukanyaga. Barabara ya kwenda nyumbani ilimpita upande wa kushoto, na usukani haukugeuka.

"Nimekwishasema," alinong'ona, meno yakigongana. "Nimemwambia kila kitu. Nimemrudishia haki yake."

Cheni tu, ikilia.

Halafu pumzi kwenye sikio lake, na sauti ya mwanamke, haina hasira, haina haraka.

"Yake, ndiyo. Yangu ni nusu ya njia. Nifikishe."