Sailensa Niliyomtuma Mkwe Wangu Atengeneze

Mimi ni nyanya wa miaka sitini na tisa, nakaa Endebess, na masomo niliachia darasa la pili. Lakini mdomo nayo, hiyo ilifika chuo! Kanisani wananiita redio. Hii peke yake ndiyo sijawahi kuongea...

Mzee wangu alikuwa na bunduki ya leseni, ya kutisha nyani kwa mahindi. Nyani wa huku wanavuna kukushinda, bana! Sasa akipiga, ng'ombe yangu Malaika anaruka, anapiga ndoo teke, maziwa yote chini.

Mzee akaenda Kitale kuulizia sailensa, ile kitu inafungwa mbele ya bunduki kupunguza mlio. Kwa ofisi ya leseni wakamwambia iwe ya duka, iwe ya kujitengenezea, kwanza unaomba, inaandikishwa, unangoja jibu. Akajaza fomu. Akasema jibu ikikuja atanunua ya kiwanda, yenye namba yake.

Kununua ya nini, na mimi niko na mkwe fundi? Wafula, bwana ya msichana wangu Nekesa, anachomelea mageti huko Bokoli.

Lakini kwetu Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawashikani mkono, hawaketi pamoja, hawaongei ovyo. Akikuja, mimi napitia nyuma ya jikoni. Basi nikapigia Nekesa simu: "Ambia bwana yako atutengenezee. Karatasi iko, nimeona muhuri!"

Muhuri niliona kweli. Kumbe ilikuwa ya kuonyesha tu fomu imepokelewa... Si ningeuliza? Sikuuliza.

Nekesa akanipigia: "Mama, anasema yeye ni mtu wa mageti, hiyo kitu haijui."

Nikacheka. "Ati haijui? Mwambie ni mama mkwe ameomba."

Nilijua hawezi kataa. Mkwe gani anakatalia mama ya bibi yake?

Akaileta imefungwa kwa gunia. Nilikuwa nakamua, nawasikia. Mzee akamwambia, "Kwani siku hizi wewe ni kiwanda? Jibu haijakuja. Rudisha hiyo kitu."

Na mimi, mdomo yangu! Nikapaza sauti nikiwa kwa ng'ombe: "Mzee, mara moja tu! Ama unaogopa nyani?"

Halafu nikasikia Wafula: "Baba, wacha nijaribu mimi. Kama ni mbaya, iniumize mimi."

Mlio ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Malaika akaruka, ndoo ikaenda. Wafula analia huko nje... na mimi, wenzangu, niliokota ndoo kwanza. Nikaisuuza. Mpaka leo sijui kwa nini.

Ile sailensa ilikuwa imepasuka, vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vikaenda. Mkono wa fundi!

Polisi wakakuja hospitali. Nani alikutuma utengeneze bila kibali? Wafula kimya. Kwake ni aibu kubwa kuingiza mama mkwe kwa kesi. Mzee naye hakujua habari ya simu. Wakanigeukia mimi, nimesimama mlangoni: "Mama, ni wewe ulimtuma?"

"Afande," nikasema, "huyu kijana sijawahi ongea naye maisha yangu yote!"

Na ni ukweli! Kila mtu pale anajua mila yetu, wakaitikia kwa kichwa. Nekesa peke yake alikuwa ananiangalia, ameshika shati ya bwana yake iko na damu. Mpaka leo hashiki simu yangu.

Wafula alifungwa mwaka mmoja. Bunduki wakachukua, na leseni.

Alipotoka nilienda Bokoli mwenyewe. Nikavunja mila, nikasimama mbele yake na uso wangu huu. "Wafula, ni mimi nilikutuma."

Hakuniangalia. Alikuwa anajaribu kushika nyundo. "Mama," akasema polepole, "hiyo ungeambia polisi."

Nikageuka nikaenda stendi. Hata sikulia... machozi hazikuja.

Wenzangu, kama kitu inataka kibali, ngojeni kibali! Kama hamjui kusoma, ulizeni, aibu ya kuuliza inaisha. Msisukume mtu kazi ambayo amesema haijui. Na ukituma mtu, sema umemtuma, siku hiyo hiyo, mbele ya hao watu!

Mimi nakamua kila asubuhi. Nyani wako kwa mahindi, hakuna wa kuwafukuza. Malaika hata haruki, ndoo inajaa mpaka juu. Kumenyamaza kabisa... Si hiyo ndiyo nilitaka?