Diski Iliyoachwa Wazi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka kubwa la vyombo vya umeme lilifurika watu mpaka mlinzi wa mlangoni akaacha kusalimu. Friji zilifunguliwa na kufungwa na watu wasio na nia ya kununua friji, watoto waliukodolea macho ukuta wa televisheni, na mashine ya risiti ililia bila kupumzika. Katikati ya vurugu hizo, kwenye kona ya diski, alisimama mwanamke mwenye suti ya zambarau iliyomkaa sawasawa, kilemba cha rangi ya maziwa na viatu vya kisigino kirefu. Huyu ndiye aliyekuwa mnunuzi mkuu wa duka. Kilichoingia kwenye rafu kiliingia kwa kauli yake, na kilichotoka kilitoka kwa kauli yake. Siku hiyo alishuka mwenyewe kutazama kama bado kuna binadamu wanaonunua diski.

Binadamu wa kwanza akatokea, shati limekunjwa mikono, kamera begani, na haraka zake.

"Dada, samahani. Diski tupu zimebaki maboksi haya tu? Hebu niangalizie stoo."

"Stoo?"

"Ndiyo, dada yangu. Kesho nina harusi, na bibi harusi ana mashangazi wengi kuliko viti. Kila shangazi anataka nakala yake."

Mnunuzi mkuu hakuwahi kutumwa stoo tangu apande cheo. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

"Kwa nini usiwatumie kwenye simu?"

"Shangazi ukimtumia kwenye simu ataangalia mara moja, simu itajaa, atafuta. Mpe diski uone. Ataipanga kwenye kabati la vyombo, karibu na vikombe vya wageni. Mgeni akija, chai inamiminwa, harusi inawekwa. Utake usitake, utaitazama."

"Mgeni amekosa nini mpaka apewe adhabu hiyo?"

"Samahani, wewe ni mfanyakazi wa hapa au adui wa duka?"

"Vyote viwili," alisema, akamkabidhi kadi yake.

Mwanamume akaisoma, akafika kwenye cheo, akakirudia kukisoma. Lakini hakuwa mtu wa kunywea.

"Basi nisamehe kwa kukutuma, bosi. Ila stoo bado hujaniangalizia."

Akaenda stoo. Kwa visigino vile vile, mbele ya wafanyakazi waliobaki midomo wazi, mnunuzi mkuu alirudi amekumbatia maboksi ya diski kama aliyebeba mtoto.

Mwanamume huyu alikuwa mpiga video za harusi, na mji mzima ulimwita Stendibai, kwa sababu kabla ya kuwasha kamera huinua mkono na kupaza sauti, "Stendibai!" hata padri na shehe wakanyamaza. Harusi ilipokwisha na nakala kugawiwa, alipiga ile namba iliyokuwa kwenye kadi.

"Umekula, bosi wangu?"

"Nimekula. Shangazi wamepata diski zao?"

"Wamepata, wanakusalimu. Wameuliza umeolewa?"

"Shangazi wameuliza, au kuna mtu amejificha nyuma ya shangazi?"

"Nimejificha, lakini kichwa kinaonekana."

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na tuseme kweli, walipendana kwa kubishana. Wengine hutumiana maua, hawa walitumiana hoja. Asubuhi simu italia, mwanamke yuko kwenye foleni ya magari: "Kipenzi, deki zinaharibika na vipuri hakuna. Diski ikikwaruzwa, imekwenda na maji. Dunia nzima imehama, wewe umebaki kituoni na sanduku lako." Mchana simu italia upande wa pili: "Laazizi, filamu uliyoilipia mtandaoni jana, leo wameiondoa. Umemlilia nani? Diski yangu haiulizi nywila, wala haiishiwi bando." Kisha wanakutana kwenye mgahawa mdogo nyuma ya duka, mmoja anakula chipsi za mwenzake, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Siku mnunuzi mkuu alipompeleka nyumbani kwa Mama, Stendibai alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama karatasi. Mama alikuwa mjane, mwenye maneno machache na droo moja yenye ufunguo. Baada ya chakula aliifungua, akatoa diski, akampa mgeni aiweke. Stendibai aliishika kwa kingo, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bila kuizungusha. Mama akamwangalia bintiye, maana yake: huyu anajua kushika vitu.

Kwenye kioo cha televisheni akatokea marehemu baba, katika harusi ya mtoto wake wa kwanza, koti ameliweka begani, jasho linamtiririka. "Mke wangu yuko wapi?" aliita. "Mleteni acheze! Amekaa huko anahesabu sahani!" Mama akacheka, kama anavyocheka kila mara hapo. Mnunuzi mkuu akainuka kwenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Stendibai alimfuata, akachukua kitambaa, akavifuta kimoja kimoja.

"Siku mkikata shauri kuhusu diski," alimwambia taratibu, "niambie wewe. Nisije nikasikia kwa mlinzi wa mlangoni."

"Nitakuambia mimi, kwa kinywa changu."

Aliahidi kwa moyo mmoja. Lakini ahadi ni deni, na deni hili lilikuja kudaiwa siku mbaya.

Asubuhi ya siku hiyo, Stendibai alipita kwa Mama, akamwachia diski ndani ya kava jekundu. "Ya bintiyo, Mama. Aiangalie jioni akitulia." Saa hizo hizo, kwenye chumba cha mikutano ghorofa ya juu, mnunuzi mkuu aliwaeleza wakurugenzi bila kupepesa macho kwamba diski na deki zimekula nafasi muda mrefu na ziondolewe. Aliamini alichosema. Wakurugenzi wakakubali kabla hajamaliza. Aliposhuka ngazi, simu mkononi ili ampigie mpenzi wake, tayari meneja wa mauzo aliyejaa bidii alikuwa ameshatundika bango: MWISHO WA DISKI. ZIKIISHA HAZIRUDI.

Na chini ya bango, pamoja na kamera yake, alisimama Stendibai aliyekuja kununua diski tupu. Hakupanda juu kumtafuta. Alitoka nje, akapiga simu.

"Ulisema utaniambia kwanza."

"Natoka kwenye kikao sasa hivi, mpenzi! Simu ilikuwa mkononi!"

"Bango limekushinda mbio, bosi."

"Kwa hiyo ninyamaze kazini kwangu kwa sababu nakupenda? Msimamo wangu ulikuwa unaujua tangu siku ya kwanza."

"Msimamo naujua. Nilichotaka ni kusikia kwako." Akashusha pumzi. "Tusigombane barabarani. Nimeacha diski kwa Mama. Iangalie. Ukishaiangalia, jibu lako ndilo litakalomaliza yote."

Jioni, bado na suti yake, mnunuzi mkuu aliiweka ile diski kwenye deki ya Mama. Deki ikakoroma, ikasita, ikaandika kwenye kioo cha buluu: HAKUNA DISKI. Akaitoa, akaifuta, akairudisha. HAKUNA DISKI. Akakaa sakafuni akiwa na rimoti. Alielewa, au alidhani ameelewa: mtu aliyechoka kubishana amemletea diski tupu, amwambie kwamba kati yao hakuna kitu. Iliuma, tena iliuma sana, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kumpenda mtu huyu kwa jinsi ambayo mtu hupenda mara moja tu maishani. Akafuta namba yake, akafuta ujumbe, akafuta picha zote mpaka simu ikawa nyepesi. Diski nayo akaielekeza kwenye pipa.

"Lete hapa," alisema Mama. "Kitu cha mtu hakitupwi. Kama umekikataa, siku ukiwa na nguvu mrudishie mkononi."

Upande wa pili wa mji, Stendibai alingoja simu ilie. Ilipokaa kimya siku ile, na iliyofuata, na wiki nzima, naye akaelewa, au alidhani ameelewa. Amekataliwa. Mwanamume mzima, alipiga harusi tatu za watu bila kuinua macho kutoka kwenye kamera, na "Stendibai!" yake ikakosa chumvi.

Dukani, wakati huo, lilitokea jambo ambalo mnunuzi mkuu hakulipigia hesabu. Bango lilileta watu. Hawakuja kununua. Walikuja na mifuko ya plastiki yenye diski zao, wakauliza kaunta, "Basi hizi zangu nitaziangalia wapi?" Mzee mmoja alitaka kujua kama deki yake ikifa, mkewe aliyemo ndani ya diski naye ndiyo basi. Mnunuzi mkuu alimsikia, akakumbuka droo yenye ufunguo. Hakuwa mtu wa kusukumwa, lakini pia hakuwa mtu wa kung'ang'ania kosa. Alipanda ghorofa ya juu akaomba kikao kingine.

Alipotoka huko alijiona ana nguvu. Siku iliyofuata alivaa gauni la bluu ya wino, akapaka rangi ya mdomo, akachukua kava jekundu kwa Mama, akaenda moja kwa moja studio kwa Stendibai. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa: pazia la maua, kiti cha kifalme cha kukalia maharusi, taa mbili za miguu mitatu, na mashine ya kurekodia diski ikiwa imefunikwa kitambaa cha mezani.

"Nimekurudishia mali yako," alisema, akaiweka mezani. "Siku nyingine ukiwa huna la kumwambia mtu, mwambie huna. Usimpelekee diski tupu kwa mama yake."

Stendibai alisimama taratibu. "Sina la kukuambia? Nimekuambia yote niliyonayo moyoni, wewe ukaninyamazia!"

"Uliniambia lini? Kioo kiliandika hakuna diski!"

"Haiwezekani." Akaitoa kwenye kava, akaigeuza chini ya taa. "Tazama hapa, karibu na tundu. Rangi imekolea kuliko pembeni. Hapa pamechomwa, yaani pamerekodiwa. Uliiweka kwenye deki gani?"

"Ya Mama. Ningeiweka wapi, kwenye jiko?"

Stendibai akajishika kichwa, akaketi kwenye kiti cha maharusi.

"Mimi ni mjinga."

"Hilo hatubishani. Endelea."

Ikabidi amweleze. Diski ikisharekodiwa, lazima ifungwe: unabonyeza kitufe, mashine inaikamilisha, na ndipo deki nyingine yoyote inaweza kuisoma. Isipofungwa, inasomeka kwenye mashine iliyoirekodi peke yake, kwingineko ni kama haipo. Alikuwa amewaambia wanagenzi wote waliopita mikononi mwake. Na hii hakusahau kuifunga. Aliiacha wazi makusudi, akasahau tu kwamba deki ya Mama haitaisoma.

"Makusudi?"

Stendibai akainuka. Akafunua mashine, akaisukuma diski ndani.

Kwenye kioo akatokea yeye mwenyewe, na shati lile jeupe, ameketi kwenye kiti cha maharusi na hajui mikono aiweke wapi. "Bosi wangu," alisema yule wa kwenye kioo, "nimezoea kukaa nyuma ya kamera. Leo naogopa. Nimepiga harusi za watu mpaka nimejua anayelia kwa furaha na anayelia kwa deni la ukumbi. Nataka yangu, na naitaka na wewe. Nakupenda hata unapokosea kuhusu diski. Sasa hii sijaifunga. Nimeacha nafasi. Uje ukae hapa, useme ndiyo au hapana, ndipo niifunge."

Kutoka chini ilisikika sauti ya mkasi ukikata kitambaa.

"Ungenitumia kwenye simu," alisema mwanamke, na machozi yalikuwa yameshaharibu wanja, "ningeiona jioni ileile."

"Na ungeifanyaje, jioni ile?"

Akafikiri. Hakuwa mwongo. "Ningeifuta kabla sijaifungua. Nilifuta kila kilichokuwa chako."

"Basi ngoma droo."

"Si droo. Diski zinaondoka, sijabadili hilo hata nukta." Akajipangusa. "Ila jana nimewaambia wakurugenzi haziondoki kabla watu hawajahamisha vyao. Kona inabaki, deki zinabaki, na tunaweka kaunta ya kuhamishia diski za watu kwenye fleshi. Wanatafuta fundi. Niliwaambia namjua mmoja, anajua kuzishika, ila namba yake nimeifuta."

"Uliwaambia kabla hujaona hii?"

"Jana, nikiwa nimekukasirikia vizuri kabisa. Kazi ni kazi. Toka kwenye kiti."

Akaketi yeye. Akarekebisha kilemba, akaweka mguu juu ya mguu, akatazama kamera kama anavyowatazama wakurugenzi. Stendibai akainua mkono.

"Stendibai," alisema, na safari hii bila kupaza sauti.

"Mimi niliyesema diski zimepitwa na wakati," alianza mwanamke, "nasema zimepitwa. Na wewe uliyenituma stoo siku ya kwanza, jibu ni ndiyo. Ndiyo, na ndiyo tena, isije ikakwaruzika moja. Sasa funga hiyo diski, uje hapa."

Akabonyeza kitufe. Mashine ikaanza kukoroma polepole, nao wakasubiri wameshikana mikono, kwa kuwa ikitolewa kabla haijamaliza inaharibika, na hakuna aliyekuwa tayari kuirudia.

Jioni Mama aliiweka kwenye deki yake mwenyewe. Ikasita, ikafunguka. Aliitazama mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaitazama tena pale kwenye ndiyo. Kisha akaifuta kutoka katikati kwenda nje, akaiweka kwenye droo juu ya ile ya mumewe.

"Mama, hiyo tutaihamisha kwenye fleshi," alisema bintiye. "Tukupe na nakala."

Mama akafunga droo, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Hizo nyingine hamisheni mtakavyo. Hii haihamishwi. Mkitaka kuiona, mje hapa."