Wiski ya Kuombea Radhi

Jioni hiyo Kalonji alikuwa na kazi moja tu: kununua chupa ya wiski, kuvuka mto, kumpelekea baba yake. Kazi ya saa moja. Mtoto wa shule angeiweza.

Lakini ngoja kwanza niwaambie ni baba gani na ni wiski ya nini, maana bila hayo mtamhurumia Kalonji kupita kiasi.

Miaka minne nyuma, kwenye matanga ya mama yake, Kalonji alimpiga baba yake. Hakumsukuma. Alimpiga ngumi ya mdomo, mbele ya wafiwa, mpaka jino la mbele likadondokea kwenye sahani ya wali. Kisa ni maneno ya ulevi tu, hayafai hata kurudiwa. Mzee Tshimanga, aliyeendesha treni ya Kindu na Kongolo miaka ishirini, hakurudisha ngumi. Alitema damu, akaishika mikono ya mwanawe yote miwili, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mikono hii haitapakata mtoto."

Basi. Tangu siku ile Mbombo, mke wa Kalonji, alibeba mimba tatu, na zote tatu zilitoka mwezi wa sita. Waliwazika nyuma ya kambi ya reli, wamefungwa kwenye vitambaa, hawana majina. Sasa Mbombo alikuwa na mimba ya nne. Miezi mitano na wiki mbili. Usiku alikuwa anahesabu siku kwa vidole akinong'ona, na Kalonji aliyekuwa akimsikia alitamani kulia.

Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Kalonji akameza kiburi, akamtuma shangazi yake Ndaya akaombe radhi. Mzee akajibu kwamba atamfungulia mwanawe, kwa desturi ya kwao Kasai kama ilivyopindwapindwa na wafanyakazi wa reli. Alete wiski, ile waliyokuwa wakinywa wazungu wa depo, chupa ambayo haijafunguliwa. Aionje mbele ya macho ya watu na kutaja jina lake. Halafu baba atajaza mdomo na kumpulizia kifuani, na laana itakwisha.

Ndiyo maana jua likielekea kuzama, Kalonji alikuwa amesimama mbele ya rafu katika duka la sitwayeni Kabasele, yaani mwananchi, kama ilivyoamriwa watu waitane siku hizo.

Duka hilo lilikuwa la Mgiriki mpaka mwaka uliopita, serikali ilipotwaa mali za wageni na kuwagawia wananchi. Kabasele aligawiwa duka zima na vilivyomo, naye alikuwa anaviuza vilivyomo bila kuleta vipya. Abakosti yake, ile suti isiyovaliwa tai, ilipigwa pasi vizuri kuliko rafu zake zilivyopangwa. Sukari imekwisha. Chumvi imekwisha. Wiski zilibaki mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, lebo inang'aa. Kalonji akaipindua, akaona kidole kimelowa. Kifuniko kinalegea. Akairudisha haraka. Baba akiumwa hata tumbo kidogo tu baada ya kunywa chupa iliyofunguliwa, nani atakayeitwa mchawi?

Ya pili ilikuwa juu kabisa, nyuma, imejaa vumbi. Kifuniko kizima, nta haijaguswa. Ni ile ile ya wazungu wa depo. Ila shingoni ilikuwa imefungwa kamba, na kwenye kamba kuna kipande cha katoni kimeandikwa kwa penseli.

OKITO. YA BABA.

Kalonji akauliza, "Hii iko ya nani?"

Kabasele hakuinua hata macho. Akasema aliikuta. Mgiriki alikuwa na tabia ya kuwawekea watu vitu vyao, na wengine hawakurudi kuvichukua. "Mwenyewe haiko. Beba."

Hapo ndipo Kalonji angeweza kuondoka. Vitu alivyowekewa mtu haviguswi, kila mtu Maniema anajua, hata kama mwenyewe ni mgeni, hata kama amekufa. Alijua. Akaifikiria ile chupa iliyolegea kifuniko. Akafikiria vidole vya Mbombo. Akaikata kamba kwa meno, akaitupa mtaroni, akaifuta chupa kwa shati lake mpaka ikawa safi.

Alipofika mtoni, mtumbwi wa kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, ulikuwa karibu kuondoka. Akakaa katikati, kapu mapajani. Maji yalikuwa shwari. Walipofika katikati ya mto akahisi joto kwenye mapaja. Akagusa chupa... ilikuwa ya moto, kama sufuria iliyoteremshwa jikoni sasa hivi.

Mpiga kasia akaacha kupiga kasia. Akanusa hewa.

"Nani iko anachoma nyama?"

Kalonji naye alikuwa ameisikia harufu hiyo. Kuni mbichi, mvuke, na chini yake kitu kingine, kitamu kidogo, cha kutapisha. Akavua koti akalifunika kapu.

Giza lilikuwa linaingia alipofika kwa mzee. Walikuwa wawili tu wakimngoja ndani: baba yake kwenye kigoda, na shangazi Ndaya amesimama karibu na mbabula yenye makaa mekundu, maana mvua ya jana ilikuwa imeacha baridi. Taa ya mafuta ilikuwa mezani. Mzee Tshimanga alikuwa amepungua mwili. Alipomwona mwanawe akatabasamu bila kutaka, na pengo la jino likaonekana, na Kalonji akainamisha kichwa kwa aibu. Alimpenda baba yake. Hilo nalo mlijue.

Mzee akaipokea chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Akafurahi kweli. Akasema ndiyo yenyewe, wazungu wa depo walikuwa wakinywa hiyo hiyo Jumamosi, na weusi wananusa vifuniko.

Shangazi Ndaya ndiye aliyeshika desturi. Akamwambia Kalonji avue shati, apige magoti. Kisha akamwuliza swali ambalo lazima liulizwe.

"Chupa hii iko ya mukono wako peke yako? Hakuna mukono mwingine juu yake?"

"Ni yangu," Kalonji akasema.

Uongo mfupi, maneno mawili. Watu wamekufa kwa uongo mfupi kuliko huo.

Akaichukua chupa, akavunja nta. Kifuniko kikalia, wote watatu wakasikia. Akamimina kidogo kwenye glasi, akamrudishia baba yake chupa, akanywa. Haikuwa na ladha ya wiski. Ilikuwa na ladha ya majivu. Akafumba macho, akaimeza, akafungua mdomo kusema maneno aliyoyakariri njia nzima: mimi Kalonji, mwana wa Tshimanga, nimeileta.

Mdomo ukasema wenyewe.

"Miye Okito. Baba, njo nimeleta."

Shangazi Ndaya akadhani mwana anafanya mzaha, akataka kumgombeza. Lakini alipomtazama kaka yake akanyamaza. Mzee Tshimanga alikuwa ameganda. Mate yalikuwa yanamtoka kwenye pengo la jino, hayafuti.

"Okito alikufa," mzee akanong'ona. "Mwaka wa waasi. Waasi walimuua."

"Hapana, baba."

Kalonji alijisikia akisema hivyo. Alikuwa ndani ya mwili wake kama abiria aliyefungiwa behewani: anaona nje, hana breki. Alijiona akisimama, mikono yake ikinyanyuka. Aliiona ikimshika baba yake kooni na kumwinua kutoka kwenye kigoda, mzee mzima, miguu ikipiga hewa. Kigoda kikaanguka. Mzee akamkwaruza usoni, akamchana shavu, damu ikatoka, na mikono haikulegea. Mkono wa mzee ulioshika chupa ukaning'inia hivyo hivyo, hauwezi kuiachia, kama umegandishwa. Ule mwingine Kalonji akauzungusha nyuma ya mgongo. Taratibu. Mpaka ukalia.

Ko!

Mzee akapiga yowe moja. Ndaya akachukua mchi wa kinu akampiga Kalonji mgongoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa nguvu zake zote. Mbavu mbili zilivunjika, tulikuja kujua baadaye. Kalonji hata hakugeuka.

"Nilikuita baba," mdomo wake ukasema, kwa upole. "Miaka saba nilitia kuni kwenye mashini yako, nakuita baba. Nilikukosea mara moja, stesheni ya Kibombo, nikakurudishia kofi. Nikanunua chupa nikuombe radhi, nikaiweka kwa Mgiriki. Nikasema, tukirudi safari nitaichukua. Ulinipa safari ya kurudi?"

Mzee alikuwa analia. Shangazi Ndaya anasema alikuwa hajawahi kumwona kaka yake akilia, hata kwenye matanga ya mkewe. Akasema kwa sauti iliyokatika kwamba ilikuwa usiku, wako wawili tu kwenye injini, hasira ya kofi ilikuwa haijaisha. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Okito alikuwa ameinama kutia kuni.

"Njo pale nilimusukuma," akasema. "Nilitia kichwa. Halafu nikatia yote."

Asubuhi yake waasi waliingia mjini, maiti zikawa nyingi mno, na hakuna aliyekuja kuulizia mtia kuni mmoja. Miaka kumi Kindu nzima iliamini ni waasi. Mla jana kala nini, na mfu wa jana nani anamkumbuka?

Mikono ya Kalonji ikamburuta mzee chini, magoti kwa magoti, mbabula katikati yao. Kichwa cha mzee kikakandamizwa kuelekea makaa. Nywele nyeupe za mbele zikaanza kujikunja na kunuka.

"Nipulizie, baba. Nifungulie."

Ndani kule, kwenye behewa lake, Kalonji alikuwa anapiga kelele. Mimi! Nipulizie mimi, ni mke wangu, ni mtoto wangu! Hakuna sauti iliyotoka.

Mzee Tshimanga akamtazama machoni. Shangazi Ndaya anaapa kwamba kaka yake alikuwa anamtafuta mwanawe mle machoni, anamtafuta kwa bidii, na hakumwona. Akaiinua chupa kwa ule mkono mzima. Akajaza mdomo.

Maneno ya kufungulia husemwa kabla ya kunywa, lakini yeye alikuwa ameshajaza, akayasema hivyo hivyo wiski ikimtiririka kidevuni. Jina aliloanza nalo halikusikika vizuri. Ndaya alisikia mwisho tu: uende, uzaliwe, ukue.

Akapuliza.

Wiski ikapita juu ya makaa. Moto ukawaka hewani, samawati, wa duara, ukasimama kati ya nyuso mbili kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha ukarudi ulikotoka. Ukaingia mdomoni kwa mzee kama kitu kinachojua njia ya nyumbani.

Kifua cha Kalonji kilikuwa kimelowa wiski yote, kuanzia shingoni hadi kitovuni. Hakikuungua hata unywele.

Mzee alikufa siku ya tatu hospitalini. Hakusema neno, hakuwa na midomo ya kusemea. Muuguzi alieleza kwamba wiski na makaa havikai pamoja, ajali za namna hiyo ziko nyingi, wazee wanapenda kunywa karibu na moto. Mkono uliovunjika? Alianguka. Ndaya alisema hivyo hivyo kwa watu, alianguka, na mpaka leo ukimwuliza anakutazama kwanza uso mzima kabla ya kujibu. Kalonji alikaa chini kando ya kitanda siku zote tatu, amefungwa mbavu kwa kitambaa, akiomba baba yake amtazame mara moja tu ili ajue ni nani aliyefunguliwa. Mzee hakufungua macho.

Mwezi wa sita ulifika, Mbombo akajifungia chumbani kuungoja. Ukapita. Wa saba ukapita. Wa tisa akazaa mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Kambi nzima ya reli ilicheza. Watu walisema, mmeona, radhi ya mzazi. Mbombo alilia kwa furaha, akamnyooshea mumewe mtoto ampakate.

Kalonji akampokea.

Alimshika kwa muda wa pumzi moja. Mtoto alikuwa wa moto. Si joto la homa, Mbombo alimgusa akamwona wa kawaida tu, laini, baridi kidogo. Lakini mikononi mwa Kalonji ngozi ilianza kuvimba, malengelenge yakatoka kwenye viganja, ikabidi amrudishe haraka asije akamwangusha. Alijaribu kesho yake. Alijaribu na blanketi. Alijaribu mtoto akiwa amelala. Akaacha kujaribu.

Siku ya arobaini walikwenda komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, kumwandikisha. Mbombo alitaka mtoto aitwe Tshimanga, jina la babu aliyekufa, ndivyo inavyopaswa. Lakini nyumbani, kila walipomwita hivyo, mtoto alilia mpaka akakauka pumzi, rangi ikageuka, na mara mbili walidhani amekwenda. Karani akashika kalamu. Akakumbusha kwamba majina ya kizungu hayaandikwi. Akauliza mtoto anaitwa nani.

Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, macho wazi, anamtazama baba yake. Kalonji alijua akikosea hapo atamzika wa nne.

"Okito," akasema.

Karani akaandika. Mtoto akashusha pumzi ndefu, akalaza shavu. Mbombo akageuka, hakuelewa, maana hilo si jina la watu wa Kasai na hajawahi kulisikia nyumbani kwao.

"Okito ni nani kwenu?"

Kalonji akavitazama viganja vyake.

"Mutoto wa baba," akasema.

Mbombo akamfungua mtoto mgongoni amnyonyeshe kwenye benchi la komuni. Mtoto hakutaka ziwa. Alimgeukia Kalonji, akacheka, akamnyooshea mikono yote miwili abebwe, kama mtoto wa mwaka mzima. Kalonji akaficha yake nyuma ya mgongo, akatoka nje kuwangojea.