Kifo Katika Chumba cha Sumaku

Maiti ya fundi ililala kifudifudi chini ya dirisha la kioo, mkono mmoja ukiwa bado umeegemea ukuta. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na kisu, kamba wala chupa ya sumu. Vigae viwili vya dari vilikuwa vimeanguka sakafuni, na katikati ya chumba mashine kubwa ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilinguruma polepole, kama haihusiki.

Mfanya usafi ndiye aliyemkuta, asubuhi ya Jumatatu, akapiga yowe lililojaza watu kwenye ngazi. Sasa alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, ameshika glasi ya maji asiyoyanywa.

"Karibu, afande," alisema daktari mkuu wa idara ya picha, akimfungulia Inspekta mlango mzito. "Mimi siingii. Siwezi kumtazama. Ni shemeji yangu huyo, mume wa mdogo wangu."

"Pole sana, daktari. Mashine ina hitilafu?"

"Nzima kabisa. Si unaisikia?"

Inspekta aliingia, bastola kiunoni, pingu zikining'inia kwenye mkanda. Koplo wake alimfuata na rungu. Wakapiga picha, wakapima, wakapaka kioo unga wa alama za vidole. Daktari wa polisi, mzee aliyeongea kama anayelipia kila neno, alipiga magoti kando ya maiti.

"Amekosa hewa," alisema.

"Amenyongwa?"

"Shingo safi. Hewa ilimwishia tu. Jana mchana. Tazama viganja."

Viganja vilikuwa vimevimba na kuvilia damu. Inspekta alisogea kwenye kioo. Alama zilijaa mahali pamoja, usawa wa uso, moja juu ya nyingine. Mlangoni zilikuwa chache.

"Mtu aliyefungiwa hugonga mlango," alisema. "Huyu kagonga dirisha."

"Labda alitaka kulivunja," koplo alijibu.

"Angepiga ngumi, angerusha kitu. Kwa kiganja unamwita mtu."

Upande wa pili wa kioo kulikuwa na chumba cha kuendeshea mashine na kiti kimoja tu. Inspekta alikitazama kile kiti, asipende alichokuwa anakiwaza.

Mara mlango ukasukumwa. Mpiga picha wa zamu, mwendeshaji wa mashine ile, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alisimama kizingitini na macho yamemtoka.

"Nyie! Tokeni! Bastola humu ndani? Mnataka kufa?"

"Kuna nini, mama?"

"Hiyo ni sumaku, afande! Ingekupokonya hiyo bastola kabla hujasema..." Alitazama pingu, zilivyoning'inia zimetulia. Akachomoa pini kwenye nywele zake na kuisogeza hadi kwenye tundu la mashine. Pini haikutikisika. Yule mama akaanza kulia.

"Imekufa," alisema. "Sumaku hii haizimwi, hata umeme ukikatika. Inakaa kwenye heli, gesi iliyopoozwa mpaka ikawa maji, baridi kuliko barafu yoyote. Kuna kipoozeo chake, ndicho kinachonguruma hicho. Ukikizima, heli inapungua kidogo kidogo, siku ya siku inachemka yote na kutoka kwa kishindo."

"Inatokea wapi?"

"Kwenye bomba la darini, iende nje. Lakini bomba limeoza. Baridi, yaani fundi wetu huyu, ndivyo tulivyomwita, aliomba litengenezwe tangu mwaka jana. Ofisini wakamwambia subiri. Basi heli ikajaa humu, ikafukuza hewa. Na mlango huu ukiwa ndani unauvuta. Heli ikiusukuma, hata watu watano hawauvuti."

"Aliye nje afanye nini?"

"Avunje kioo. Ndilo somo la kwanza tunalofundishwa hapa."

Kioo kilikuwa kizima. Hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Daktari wenu naye anawaonya watu kuhusu chuma?"

"Mama Zima Taa?" Mpiga picha alicheka huku machozi yanamtoka. "Alimvua waziri mkanda hapa mlangoni, suruali nusura imdondoke. Yule hamsahau mtu."

Ofisi ya daktari haikuwa na taa inayowaka wala kiyoyozi. Ukutani kulibandikwa karatasi zenye neno moja, ZIMA. Pembeni kulikuwa na ndoo ya mabaki ya dawa wanazodungwa wagonjwa ili picha ing'ae, yaliyokusanywa yasimwagwe kwenye mfereji. Dirisha lilitazama bomba la jenereta, na nyuma ya moshi wake, wodi ya watoto.

"Jana ulikuwa wapi, daktari?"

"Nyumbani."

"Mbona leo hukunivua pingu?"

"Nilichanganyikiwa. Nimefiwa, afande."

"Ulimvua waziri mkanda. Mimi umenikaribisha na bastola mpaka kwenye mdomo wa mashine uliyoniambia ni nzima. Ulijua haivuti. Umejuaje, na hujaingia?"

Nje jenereta lilikohoa, likaendelea.

"Shemeji yako amekufa akimwita mtu kwenye kile kiti," alisema Inspekta. "Alikuwa anakuita wewe."

Daktari hakulia. Alinyoosha kidole dirishani.

"Unauona moshi ule? Unaingia wodini moja kwa moja. Mtoto wa mdogo wangu yuko mle, kifua kimekataa kupona. Jenereta lile linalisha idara yangu. Wakubwa waliniahidi, punguza umeme nusu, tunalizima. Nikazima kompyuta, viyoyozi, taa. Haikutosha. Kikabaki kipoozeo."

"Fundi hakukukataza?"

"Kila siku. 'Shemeji, hiki hakizimwi.' Nikaona ni woga wa mafundi tu. Nikawa nakizima Jumamosi, nakiwasha Jumapili. Hakuna kilichotokea, nikajiona mjanja. Jana nimekuja kukiwasha, nikamkuta yuko ndani anaikagua mashine. Heli ikatoka kwa kishindo. Chumba kikawa cheupe, ukungu mtupu. Halafu nikaona mikono yake kwenye kioo."

"Ukafanya nini?"

"Nilishanyanyua kiti, afande. Nilikuwa nacho hapa." Aliinua mikono mitupu juu ya kichwa. "Nikawaza, nikivunja watajua nilikizima. Watabatilisha kila kitu nilichofanya, na jenereta litabaki, na mtoto atakufa na ule moshi. Nikakiweka chini. Nikakimbia kwanza kuwasha kipoozeo, ionekane ni hitilafu tu. Nilisema nitarudi nivunje. Nimerudi, mikono imeshashuka."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alikuwa na hasira, kisha hasira ikamwacha, akabaki amechoka tu.

"Mkurugenzi wa hospitali ameshasikia kwa mpiga picha, na ametoa amri," alisema. "Hakuna kuzima chochote tena. Kila mashine iwake usiku na mchana. Na waliokuwa wapimwe kwa sumaku watapelekwa mbali, kwa magari ya dizeli."

"Na jenereta?"

"Wanaleta la pili."

Hapo ndipo daktari alipolia. Inspekta alimsubiri, akamshika mkono. Hakumfunga pingu, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa moja tu, na ilipita mbele ya wodi ya watoto.

Mdogo mtu alikuwa mlangoni pa wodi, mtoto kalala mapajani mwake na kinyago cha hewa usoni. Alipomwona dada yake alimlaza mtoto kwenye benchi taratibu, akaja mbio.

"Dada! Wanasema kulikuwa na mtu pale nje, akamtazama mpaka akafa. Ni kweli? Wamempata?"

"Wamempata."

"Afadhali." Akamlalia begani. "Basi usiende popote, dada. Nimebaki na wewe tu."

Inspekta aliwaacha kidogo. Kisha akamwambia mdogo mtu ni nani aliyekuwa pale nje.