Kiti cha Dirishani

Jumapili ile soko la Kibuye lilijaa hadi barabarani. Wauza samaki waligombania kivuli na wauza vyungu, na fundi mmoja wa cherehani aliimba kwa sauti ili asisikie malalamiko ya mteja wake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, kaptura yake ya khaki imenyooka kwa pasi, soksi nyeupe hadi magotini. Mkononi alishika saa ya waamuzi wa mbio, ile unayoibonyeza ikaanza na ukaibonyeza tena ikasimama. Alikuwa akimkazia macho mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mama akijaza kopo, yeye anabonyeza. Mama akimwaga, anaandika.

"Wewe bwana, huyo mama amekukosea nini?"

Aliyeuliza alikuwa Zeituni binti Badru, msichana wa Kaloleni, gauni la maua ya zambarau, mtandio mweupe kichwani na kikapu cha nyanya kwenye kiwiko. Alidhani ni mtu wa manispaa, na watu wa manispaa hakuwapenda hata kidogo.

"Hajanikosea kitu, dada. Najifunza kupima kazi."

"Kazi inapimwa kama nguo?"

"Mtazame. Gunia liko kushoto, kopo liko kulia, kila mara anajipinda. Angelileta gunia huku, angeuza zaidi na mgongo usingemuuma."

Zeituni akatazama. Kweli mama alikuwa akijipinda. Likamuudhi hilo, maana alikuja kugombana na sasa hakuwa na la kugombania.

"Basi mwambie."

"Naona haya."

"Kumwambia unaona haya, kumkodolea macho huoni haya!"

Akaenda akamwambia mwenyewe. Mama wa omena akalisogeza gunia, akajaza makopo matatu, akacheka, kisha akamwamuru kijana asogee maana alikuwa akizuia wateja. Zeituni naye alicheka, na kijana akakiona kile kicheko, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza kuharibika. Jina lake lilikuwa Muhidin. Hakupata nafasi ya kulitaja, kikapu cha nyanya kilikwisha kupotea katika watu.

Kesho yake Bwana Kishore aliingia naye katika chumba cha kufungia sabuni.

Kiwanda cha Bwana Kishore kilikuwa karibu na gati. Nyuma, sabuni ilipikwa katika mapipa makubwa. Ikiganda, Oduor aliikata vipande kwa waya kwenye meza yake, akavibeba kwenye ubao na kuwagawia wanawake kumi na mmoja waliokaa kwa mstari mmoja mrefu. Wao walivipangusa, wakavifunga kwa karatasi na kuvipanga sandukuni. Kiti cha kwanza, pale mlangoni kwa Oduor, kilikuwa cha mgeni wa kazi, kwa sababu palikuwa na joto na harufu ya magadi iliyochoma macho. Kiti cha mwisho, dirishani, kilipigwa na upepo wa ziwa mchana kutwa. Hicho kilikuwa cha mkubwa wao, Mama Lornah, aliyefunga sabuni humo miaka kumi na mitatu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa heshima tu, na kila mtu aliijua.

"Huyu Muhidin," alisema Bwana Kishore, mtu mfupi mwenye haraka zake. "Amesoma Nairobi kupima kazi. Atapima wiki moja. Mfanye kama kawaida, sawa? Meli ya Mwanza na ya Uganda inataka sabuni, na sisi hapa tunachelewa kila wiki."

Zeituni, aliyekaa mlangoni, aliinua macho. Yule kijana alikuwa amekwisha kumwona, na karatasi zake zote zilikuwa sakafuni.

Wiki ile Muhidin alipima kwa bidii. Sanduku likianza anabonyeza, likijaa anabonyeza, anaandika. Lakini miguu yake ilikuwa na mambo yake. Akienda katikati kwa Seline, sanduku moja, anarudi mlangoni. Akienda kwa Mama Lornah, masanduku mawili, anarudi mlangoni.

"Hapa pana joto," Zeituni alimwambia siku ya tatu. "Kule dirishani kuna upepo. Kwa nini hukai kule?"

"Sisikii joto."

"Shati lako linasema mengine."

"Endelea na kazi, dada, unaniharibia hesabu."

"Aliyeharibikiwa hesabu ananilaumu mimi!"

Jioni walitembea pamoja kutoka gatini hadi Kaloleni, kijana akisukuma baiskeli ambayo angeweza kuipanda. Walinunua hindi moja la kuchoma wakaligawana. Muhidin alimweleza habari za viwanda, jinsi mtu anavyoweza kufanya kazi nyingi zaidi na kuchoka kidogo, na uso wake ulimeremeta akisema hivyo. Zeituni aliupenda uso ule. Alimwambia tu kwamba ana punje ya hindi kidevuni, akaitoa kwa kidole, na wote wawili wakatembea polepole zaidi hadi msikitini.

"Zeitu," alisema Muhidin siku ya mwisho. "Nimeshatoa ripoti. Bwana Kishore ananirudisha Nairobi siku kumi nikamalize mtihani. Nikirudi nina neno la kukuambia."

"Liseme sasa."

"Nikirudi, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka bila ruhusa. Zeituni alilala nalo siku tatu.

Siku ya nne Bwana Kishore alikuja na karatasi. Kipimo cha kitaalamu, alisema, kimeonyesha kuwa mwanamke mmoja wa kawaida hufunga masanduku kumi na mawili kwa siku. Asiyeyafikia hadi mwisho wa wiki ijayo, atatafuta kazi nyingine.

Zeituni alifunga kumi na manne kila siku. Wengine walifunga kumi, kumi na moja wakijitahidi sana. Mama Lornah, pamoja na wepesi wa mikono yake, alifunga tisa. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama Zeituni, na macho yale yalimuunguza kuliko magadi.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa hatoki hapo mlangoni," alisema Seline. "Mlikuwa mnatupikia njama."

"Wallahi sikujua."

"Usiape. Endelea kukimbia tu."

Mama Lornah aliinamia kazi yake. Ndiye aliyemfundisha Zeituni kukunja karatasi, akimshika vidole kimoja kimoja. Mumewe alikuwa mgonjwa huko Sondu na wajukuu wanne walikula kwa mikono yake. Jioni alimpita Zeituni mlangoni akamgusa bega. "Si wewe, nyathina, mwanangu," alisema. Zeituni alilia njia nzima, na akamchukia Muhidin kwa moyo wake wote, au kwa ule uliobaki.

Jumatano karani alimwita ofisini. "Simu kutoka Nairobi. Dakika tatu. Mzee yuko gatini, fanya haraka."

Hakuwahi kushika simu maishani. Aliishika kwa mikono miwili.

"Zeitu? Mimi Muhidin. Nimefaulu!"

"Hongera. Sasa njoo umfukuze Mama Lornah kwa mkono wako mwenyewe."

"Nini?"

Akamwambia, maneno yakigongana.

"Haiwezekani," alisema Muhidin. "Kumi na mawili ni wastani. Nilipima watu wote. Nimeyajumlisha masanduku yote, nikagawanya. Hesabu haina makosa."

"Ulipima watu wote! Kwa Mama Lornah ulisimama kama mtu anayeuliza njia. Kwangu ulisimama siku tano! Nilidhani unanipenda, kumbe nilikuwa fimbo ya kuwapigia wenzangu."

"Roho yangu, nisikilize..."

"Mimi si roho yako."

"Dakika tatu zimekwisha," ilisema sauti ya mama wa posta aliyeunganisha simu. "Mnaongeza?"

"Tunaongeza!" alipiga kelele Muhidin.

"Hatuongezi," alisema Zeituni, akaiweka simu kichwa chini, karani akaja kuigeuza.

Huko Nairobi Muhidin alirudi bwenini akatandaza karatasi zake kitandani. Alihesabu majina. Zeituni, masanduku hamsini na mawili. Wengine kumi wote pamoja, ishirini na matatu. Ule wastani aliojivunia ulikuwa Zeituni mtupu, na wenzake wamenyunyizwa juu kama chumvi. Mwalimu wake alikuwa amewaonya mara nyingi kwamba kila mfanyakazi apimwe sawa na mwenzake, na yeye aliandika onyo hilo daftarini kwa hati nzuri. Aliona aibu hata masikio yakamwaka. Hakungoja cheti, alipanda treni ya kwanza.

Jumamosi asubuhi aliingia kiwandani na vumbi la safari. Bwana Kishore alikuwa chumbani akiangalia masanduku. Muhidin hakumwomba watoke nje.

"Bwana Kishore, ile ripoti si sahihi. Usimfukuze mtu kwa ajili yake. Kosa ni langu."

"Kosa gani? Wewe umefaulu mtihani, wamenipigia simu."

"Masanduku sabini na matano niliyopima, hamsini na mawili ni ya mtu mmoja."

"Mtu mmoja? Kwa nini mtu mmoja?"

Hapo mikono yote ilisimama. Hata Oduor aliuacha waya. Muhidin alijua kwamba akilisema lililo kweli, anaweza kutoka pale hana kazi wala mchumba. Alimtazama Zeituni, naye Zeituni alikuwa akitazama sabuni.

"Kwa sababu nilitaka kusimama pale," alisema. "Nilimpenda, bwana. Kila nikienda kupima kwingine najikuta nimerudi."

"Yaye!" alisema Mama Lornah, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, isipokuwa watu wawili, na Bwana Kishore.

"Mimi nalipia wewe kozi," alisema Bwana Kishore polepole, "halafu wewe unapima mapenzi. Lakini bado hujajibu mimi. Huyu anafunga kumi na nne, huyu mama anafunga tisa. Hiyo si uongo. Tofauti ipo."

Jibu lilitoka mlangoni.

"Tubadilishane viti," alisema Zeituni. Alikuwa amesimama, mtandio umemwangukia mabegani. "Siku sita nimekaa nikilia na kufunga sabuni, na wakati wote sabuni iko mbele yangu. Haiishi. Oduor akitoa ubao naanza mimi. Ubao ukifika dirishani umeshakuwa mtupu, Mama Lornah anakaa na karatasi mkononi akingoja. Nimemhesabia. Mpe kiti changu siku moja, mimi nikae chake."

"Mimi nikae kwenye moto ule?" alilalamika Mama Lornah. "Nyara, binti yangu, unataka kuniua?"

"Siku moja tu, mama."

Bwana Kishore alitazama kiti cha kwanza, akatazama cha mwisho, akatazama mwendo uliokuwa kati yao. Hatua ishirini na nne. Alikuwa amepita hapo kila siku. "Jumatatu," alisema.

Jumatatu Mama Lornah alifunga kitambaa puani kama jambazi akakaa mlangoni. Muhidin alisimama katikati ya chumba, ameamriwa asisogee upande wowote, na akaandika kila sanduku la kila mtu. Dirishani, Zeituni alipata upepo wa ziwa na karibu hakupata kitu kingine. Alifunga, akamaliza, akangoja. Alimwita Oduor, Oduor alikuwa na mikono miwili tu. Akangoja tena.

Kengele ilipolia, Mama Lornah alikuwa na masanduku kumi na matatu. Alilipiga la mwisho kofi kama mtu anayesifu ng'ombe. Zeituni alikuwa na tisa.

Bwana Kishore aliyahesabu mwenyewe, mara mbili. Kisha akaichana ile karatasi ya kumi na mawili, akaitia mfukoni vipande vipande, maana hakuwa mtu wa kuchafua sakafu. "Nani alipanga hivi viti?" aliuliza.

"Heshima," alijibu Mama Lornah. "Na mimi narudi dirishani kwangu. Sabuni ndiyo inifuate, si mimi niifuate."

Na hivyo ndivyo walivyofanya. Meza ya Oduor iliburutwa hadi katikati, viti vikaizunguka nusu duara, mgongo wa Mama Lornah ukielekea dirishani. Bwana Kishore alimwambia Muhidin abaki na kazi, lakini kipimo chochote kitakachomhusu Zeituni binti Badru kitafanywa na karani, mwenye wake wawili na macho mabovu.

Muhidin alimkuta Zeituni langoni, ameshika viatu mkononi kwa sababu vilimbana.

"Bado umekasirika?"

"Tisa!" alisema Zeituni. "Mimi, masanduku tisa! Nilifikiri nina mikono ya ajabu. Mji mzima umenisifu mwaka mzima, kumbe nilikaa karibu na mlango."

"Mikono yako ni ya ajabu."

"Nyamaza. Wewe hesabu zako zinajulikana."

Wakatembea. Ziwa lilikuwa shwari na meli ya Mwanza ilikuwa ikipakia, sabuni zao ndani. Muhidin alikohoa mara mbili.

"Nilikuwa na neno la kukuambia nikirudi."

"Umeshalisema mbele ya watu kumi na wawili na Mhindi."

"Limebaki nusu. Nataka kukuoa, Zeitu. Kama utaweza kunisamehe. Sitaki unijibu leo, najua nilichowafanyia."

Zeituni alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu bado, safari hii si kwa magadi.

"Nimeshakusamehe," alisema. "Leo, saa nane. Nilikuwa nimekaa pale dirishani nangoja sabuni mara ya tano, mikono haina kazi, na sikuwa na la kufanya ila kukuwaza. Mara nne za kwanza nilikutukana. Ya tano sikuweza. Kule mlangoni, Muhidin, nisingepata nafasi."

Kisha akamkabidhi viatu vyake avibebe, akamwambia wazee waje kuposa Ijumaa baada ya sala, wawe wawili tu, na wasiwe wasemaji sana kwa sababu baba yake hapendi.